Namna ya Kutengeneza Chakula Kikavu cha Mbwa kwa Safari: Nyama Mbichi Iliyokaushwa kwa Kugandishwa

Mtu anayepanga kukaa siku nne na mbwa wake Ukerewe, au kutembea naye kwenye vilima vya majabali vinavyouzunguka mji wa Mwanza na kulala huko huko, hukutana na tatizo la nyama kabla hata hajafunga begi lake. Mbwa wa kilo 15 anayepanda na kushuka kutwa nzima anaweza kumaliza gramu 700 za nyama mbichi kwa siku. Kwa siku nne hizo ni karibu kilo 3, mzigo ambao katika joto letu hauvuki salama jioni ya siku ya kwanza. Karibu robo tatu ya uzito wa nyama isiyo na mafuta ni maji. Maji hayo yakiondolewa, begi linabaki na chini ya kilo moja ya chakula kisichohitaji jokofu, na maji mengine yatapatikana mahali pa kupiga kambi.

Mwongozo huu unaeleza kwa kirefu namna ya kukausha nyama mbichi kwa kugandisha, kazi inayofanywa kwa mashine maalumu, kisha unaeleza kwa kifupi namna ya kupika kwanza na kukausha kwa joto kwa ajili ya asiye na mashine hiyo. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa kaya nyingi za Kanda ya Ziwa njia ya pili ndiyo yenye busara, kwa sababu mashine ya nyumbani inauzwa dola elfu kadhaa na inahitaji umeme usiokatika kwa zaidi ya siku nzima. Aliye na mashine, au anayeweza kushirikiana na mwenzake aliye nayo, atapata chakula chepesi zaidi, kinacholainika kwa dakika chache na ambacho mbwa hukikimbilia.

Mashine inafanya nini, na nini haifanyi

Barafu inaweza kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka, ikiwa kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, limeshuka chini ya paskali 611 hivi. Mashine huigandisha nyama hadi nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi, pampu hunyonya karibu hewa yote chumbani, kisha trei hupashwa joto taratibu. Barafu iliyomo ndani ya nyama hutoka ikiwa mvuke na kuganda upya kwenye kuta baridi za chumba. Kwa kuwa nyama haikusinyaa, hubaki na umbo lake na vitundu vidogo visivyohesabika, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoyafyonza maji upesi siku ya kulisha.

Watu wengi hudhani kwamba kitu kilichokauka namna hiyo kimekuwa salama, nao wanakosea. Ukaushaji wa kugandisha hauui vimelea. Maabara za dunia nzima hutumia njia hii hii kuhifadhi bakteria wakiwa hai kwa miaka mingi, kwa hiyo Salmonella, Listeria au E. coli aliyeingia na nyama kutoka buchani anaweza kulala tu ndani ya kipande kikavu na kuamka maji yatakaporudi. Viwanda vikubwa vya nje hupunguza hatari hiyo kwa kuibana nyama kwa kanieneo kubwa mno, takriban megapaskali 600, na kazi hiyo haifanyiki jikoni. Ulinzi wa mtengenezaji wa nyumbani ni ubora wa nyama aliyoinunua, usafi wa mikono na vyombo vyake, na baridi isiyokatika. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mtu ambaye kinga yake imeshuka isitengeneze chakula kibichi kabisa, na mbwa mchanga naye asipewe. Hao wote wafuate njia ya kupika.

Hatua ya kwanza: hesabu kiasi cha kutengeneza

Madaktari wa mifugo hukadiria nishati ambayo mbwa aliyepumzika anahitaji kwa kuzidisha 70 kwa uzito wake uliopandishwa kipeo cha 0.75. Hesabu hiyo inatisha kwa maandishi tu, kwani hata kikokotozi cha simu kinaifanya: zidisha uzito kwa wenyewe mara tatu, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha tafuta tena kipeuo cha pili cha jibu hilo. Kwa mbwa wa kilo 15, 15 × 15 × 15 ni 3,375. Kipeuo cha pili ni 58.1, kipeuo cha pili cha hapo ni 7.6, ukizidisha kwa 70 unapata kilokalori 530 hivi. Siku ya kawaida zidisha jibu kwa 1.6, na siku ya kutembea sana zidisha kwa 2, yaani kilokalori 850 hadi 1,060.

Gramu moja ya mchanganyiko mkavu nitakaoueleza ina kilokalori 4.5 hivi. Mbwa huyo atahitaji basi gramu 190 siku ya kawaida na takriban gramu 235 siku ya safari. Ongeza chakula cha siku moja ya akiba, hasa kama njia yako ni ya majini, kwa sababu ziwa likichafuka kivuko hakisubiriwi kwa saa bali kwa siku.

Hatua ya pili: nunua kwa macho na kwa mkono

Nyama ya msingi iwe steki ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyonunuliwa asubuhi katika bucha linalouza nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Suala la mafuta si la ladha. Mafuta hayana maji ya kuondolewa, hivyo mashine haiyakaushi, na ndiyo yanayochacha kwanza ndani ya pakiti. Ondoa kwa kisu kila utando mweupe unaouona. Moyo wa ng'ombe unafaa sana, kwa kuwa ni msuli mtupu na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya steki, ila uondoe mafuta ya juu na mishipa mikubwa.

Ini linahitaji uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Lipasue vipande vyembamba mwenyewe na ukague kila uso. Ukikuta malengelenge yenye maji ndani yake, iwe kwenye ini au kwenye pafu, yawezekana ni uvimbe wa mnyoo aitwaye Echinococcus, ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa, hutoa mayai kupitia kinyesi chake, na mayai hayo yakimwingia mtu humfanyia uvimbe wa namna hiyo hiyo kwenye ini au mapafu. Kiungo cha aina hiyo kichomwe au kifukiwe shimo refu, na kamwe kisitupwe mahali mbwa anapofika. Kwa sababu hiyo mimi sitii ini bichi kwenye chakula cha mbwa hata likionekana safi. Ninalichemsha nusu saa nzima, kisha linaingia kwenye mchanganyiko likiwa limepoa. Usizidishe sehemu 5 kati ya 100, maana ini limejaa vitamini A, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huudhuru mwili wa mbwa.

Dagaa ndio zawadi ya ziwa kwa kazi hii. Huliwa na mifupa yao, kwa hiyo wana kalisi, na katika soko la Mwaloni, Kirumba, hawakosekani. Hapo utashawishika kuchukua wale wa bei ya chini wanaouzwa kwa chakula cha kuku, ukijiambia kwamba mlaji ni mbwa tu. Wengi wao wameanikwa chini mchangani, au wamenyeshewa kabla ya kukauka, na dagaa aliyenyeshewa huoza na kuota ukungu kabla jua halijarudi. Tafuta waliokaushwa juu ya kichanja. Shika konzi moja: dagaa mzuri anang'aa fedha, tumbo lake halijapasuka, akikunjwa anakatika badala ya kupinda, na harufu yake ni ya samaki mkavu, si ya kuchoma pua. Kisha omba bakuli la maji, uwatie wachache, uwakoroge na kusubiri kidogo. Mchanga utakaotulia chini ya bakuli utakuambia walianikwa wapi, hata kama muuzaji amekuapia.

Dagaa nao hawaingii wabichi wala wakavu walivyo. Samaki wengi wa jamii yao wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, kinachoharibu vitamini B1, na baridi ya mashine haikigusi. Kinachokiua ni moto. Waloweke, wasuuze mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe, kisha wachemshe dakika 10. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini joto hilo linatosha kabisa.

Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, asitumike, kwa kuwa chumvi yake humdhuru mbwa na kumpa kiu njiani. Mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa, yanaweza kutumika ikiwa ni ya siku hiyo hiyo: yachemshe, bandua nyama iliyobaki kwenye mifupa, kisha mifupa yote itupwe, kwani mfupa wa sangara uliopikwa huchoma koo na utumbo. Sangara mkubwa ana mafuta mengi kuliko mdogo, kwa hiyo nyama ya sato inakauka vizuri zaidi. Vitunguu vya aina zote, vitunguu saumu, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa na visiikaribie meza hiyo.

Hatua ya tatu: gandisha siku saba

Kata steki na moyo vipande bapa, vipange kwenye mifuko safi ya friza katika tabaka moja jembamba, uviweke kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku 7. Muda huo unaua minyoo mingi ya misulini na ya samaki, ingawa bakteria hauwaui. Weka kipimajoto ndani ya friza, kwani friza nyingi za nyumbani zilizojazwa hadi juu hazifiki nyuzi hizo. Umeme ukikatika kwa muda na nyama ikalainika, hesabu ya siku inaanza upya ikiwa bado ina baridi ya jokofu. Ikiwa imefikia joto la chumba, ipike siku hiyo.

Hatua ya nne: kata, saga, changanya

Kwa mashine ya ukubwa wa kati, ambayo hubeba kilo 4 hadi 7 kwa mara moja, mchanganyiko wa kilo 5 unatosha. Tumia kilo 3 za steki, kilo 1 ya moyo, gramu 250 za ini lililochemshwa, gramu 400 za dagaa waliochemshwa na kuchujwa, na gramu 350 za boga lililochemshwa na kupondwa. Ongeza gramu 20 za unga wa maganda ya mayai, yaani takriban vijiko vinne vya chai. Maganda hayo uyachemshe dakika 10, uyakaushe na kuyasaga mpaka yawe laini kabisa, maana kipande chenye ncha kinakwaruza. Unga huo upo kwa sababu nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana. Kwa safari ya siku chache kasoro hiyo haina madhara kwa mbwa mzima mwenye afya, lakini mchanganyiko mzuri wa safari una tabia ya kugeuzwa chakula cha kila siku. Hata ukiwa na unga huo usimlishe mbwa mchanganyiko huu peke yake mwaka mzima bila daktari wa mifugo kuupitia.

Saga nyama ikiwa bado imeganda nusu, ili mashine ya kusagia isiipashe moto. Fanya kazi kwa mafungu madogo na kila fungu lirudi kwenye friza. Tandaza mchanganyiko kwenye trei kwa unene usiozidi sentimeta moja na nusu, uukate kwa kisu mistari ya miraba kabla haujaganda, ili baadaye uvunjike kwa saizi ya kutafunika. Baada ya hapo osha meza, visu, mashine ya kusagia na mikono kwa sabuni na maji ya moto, kisha pangusa vyombo na meza kwa dawa ya klorini isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji. Ubao wa kukatia nyama ya mbwa uwe wake peke yake, na usiwe ule wa kukatia kachumbari.

Hatua ya tano: kuendesha mashine

Kabla ya yote, soma kibati kilicho nyuma ya mashine. Mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa soko la Marekani na zinatumia volti 110. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Agiza toleo la umeme wetu, na usitegemee kibadilisha umeme kidogo cha redio, kwa sababu pampu inapoanza huvuta nguvu nyingi.

Gandisha trei kwenye friza usiku mzima, washa mashine tupu ipoe kwa nusu saa, kisha ingiza trei haraka, funga mlango na uhakikishe mpira wake hauna chembe ya nyama. Mzunguko mzima huchukua saa 24 hadi 40 kulingana na unene na wingi wa maji. Joto la trei liweke chini kadiri mashine inavyoruhusu mwanzoni. Anayelipandisha kwa haraka huikausha nyama juu na kuacha kiini kibichi.

Umeme ndio mtihani wenyewe. Ukikatika katikati ya kazi, barafu iliyoganda kwenye kuta huanza kuyeyuka na pampu haivuti tena, huku nyama iliyokauka nusu ikipanda joto ikiwa na unyevu ndani. Mwenye jenereta aiwashe mara moja. Asiye nayo asifungue mlango, na umeme ukirudi ndani ya saa moja hivi huku nyama ikiwa bado ngumu kwa barafu, aendelee kwa kuongeza muda wa kukausha. Umeme ukichelewa zaidi ya hapo, toa trei zote, pika nyama yote mpaka kiini chake kifike nyuzi 75, kisha imalizie kwa njia ya oveni iliyoelezwa hapa chini. Usiirudishe kwenye friza ukisema utajaribu kesho.

Hatua ya sita: pima ukavu

Mashine ikitangaza kwamba imemaliza, usiiamini bado. Chukua kipande kinene kuliko vyote kutoka katikati ya trei na ukivunje. Kikiwa kimekauka kitavunjika kama chaki, ndani na nje rangi moja, na ukikigusisha shavuni hakitakuwa na baridi. Baridi yoyote, hata ya ncha tu, maana yake ndani kuna barafu. Kipimo cha uhakika zaidi ni mizani: pima trei, irudishe mashineni kwa saa mbili, pima tena. Uzito ukishuka hata kwa gramu chache, bado kuna maji ya kutoka. Endelea hivyo mpaka vipimo viwili vifuatane bila tofauti. Kilo 5 za mchanganyiko huu zinapaswa kubakiza kilo 1.4 hadi 1.6, chakula cha siku sita hivi kwa mbwa wetu wa kilo 15. Ukibaki na kilo 2, usijipongeze. Hayo ni maji.

Hatua ya saba: fungasha kabla hewa ya ziwa haijakuwahi

Chakula kilichokaushwa hivi hunyonya unyevu wa hewani kwa dakika chache tu, na hewa ya kando ya ziwa haina uhaba wa unyevu. Panga mashine imalize mchana badala ya alfajiri, kwa sababu asubuhi hewa imelowa zaidi, na katika miezi ya mvua fungasha ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Toa trei moja moja, nyingine zibaki ndani.

Mifuko inayofaa ni ile minene ya foili inayofungwa kwa joto. Weka mlo mmoja kwa kila mfuko, ili mfuko ukifunguliwa uishe. Tia kifyonza oksijeni kimoja, yaani kipakiti kidogo kinachonyonya oksijeni iliyobaki mfukoni, toa hewa kwa mkono, funga kwa pasi ya kufungia au pasi ya nguo iliyotanguliwa na kitambaa, kisha andika kwa kalamu isiyofutika tarehe, uzito, na maneno NYAMA MBICHI YA MBWA, ili mgeni asidhani ni vitafunwa. Kifyonza oksijeni kisitumike kamwe kwenye chakula ambacho hukuhakikisha ukavu wake: bakteria wa botulizimu hustawi palipo na unyevu na pasipo na oksijeni, na wewe utakuwa umemtayarishia vyote viwili.

Wauzaji wa mashine hutaja miaka mingi ya kuhifadhi. Kwa nyama ya nyumbani yenye mafuta ambayo kisu hakikuyafikia, na kwa joto la Mwanza, mimi huweka kikomo cha miezi mitatu ndani ya mfuko wa foili mahali penye giza, na wiki mbili kwa mfuko wa kawaida wa kubana. Mfuko uliovimba, au unaotoa harufu ya mafuta ya zamani, utupwe bila kuonjeshwa mbwa.

Kwa asiye na mashine: pika, kisha kausha

Vipimo ni vile vile. Saga nyama, ipike kwenye sufuria na maji kidogo huku ukikoroga mpaka kipimajoto kioneshe nyuzi 75, kisha tia ini, dagaa na boga vilivyochemshwa. Ni lazima kupika kuje kabla ya kukausha, kwa sababu nyama inayokaushwa polepole ikiwa mbichi hupitia saa kadhaa za uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda, na wakishakauka pamoja nayo hawafi kirahisi hata joto likipandishwa baadaye. Mchuzi uache upoe, engua mafuta yaliyoganda juu, uchemshe upungue, kisha urudishe kwenye nyama.

Tandaza kwa unene usiozidi nusu sentimeta kwenye trei ya oveni, weka nyuzi 60 hadi 65, acha mlango wazi kidogo kwa mwiko uliobanwa ili mvuke utoke, na ugeuze kila saa. Kazi huisha kwa saa 6 hadi 10. Chembe ziwe ngumu, zikatike zikibanwa kati ya vidole, na zisiache alama ya mafuta wala unyevu kwenye karatasi. Kikaushio cha jua chenye kioo au nailoni ya kupitisha mwanga na wavu wa kuzuia nzi kinafaa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, mradi nyama imepikwa, imetandazwa nyembamba, na inaweza kumalizika siku hiyo hiyo. Isiyomalizika jioni iingie kwenye oveni. Kuanika juu ya bati la paa si njia. Chakula hiki ni kizito kidogo kuliko kile cha mashine na huchukua dakika 30 hadi 45 kulainika, lakini hakina wasiwasi wa ubichi, na kinaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye jiko la gesi lenye oveni.

Hatua ya nane: jaribu nyumbani kwanza

Mbwa aliyezoea ugali na dagaa asikutane na nyama tupu kwa mara ya kwanza akiwa porini, kwa kuwa tumbo litamharibikia mbali na msaada. Anza siku kumi kabla ya safari: robo ya mlo kwa siku tatu, nusu kwa siku tatu, kisha mlo mzima. Choo chake kikilainika, rudi hatua moja. Katika kipindi hicho hicho mpeleke kwa daktari wa mifugo akapewe dawa ya minyoo na kuhakikiwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dawa inayoua tegu ni prazikwanteli, ile ile ambayo watoto wa shule wa huku kwetu humezeshwa dhidi ya kichocho, lakini kipimo cha mbwa kipangwe na daktari na si kwa kugawana vidonge vya mtoto.

Hatua ya tisa: kulisha njiani

Njia yako iipange ukijua kwamba mbwa hawaruhusiwi katika hifadhi za taifa, kwa hiyo Saanane na Rubondo haziingii kwenye hesabu, hata kwa mbwa aliyefungwa kamba. Mifuko ya chakula iwekwe ndani ya mfuko mmoja mgumu usiopitisha harufu, mbali na chakula cha watu, na usiku uning'inizwe juu, kwani sisimizi na nyani hawasomi maandishi.

Kwa kila sehemu moja ya chakula tia sehemu mbili na kidogo za maji kwa uzito: kila gramu 115 za chakula zinataka mililita 250 hivi. Maji yawe yamechemshwa na kupoa mpaka uvuguvugu. Yale ya ziwani yasitiwe moja kwa moja, na yanayochemka yasitumike kwa nyama mbichi, maana yanaipika nje na kuifanya ngumu. Vunja vipande, mimina, koroga, subiri dakika 10 hadi 15. Kabla ya kumpa, bana kipande kwa kijiko. Kikiwa na kiini kigumu, ongeza maji na muda. Mbwa mwenye njaa atakubali kula kikiwa kikavu, lakini chakula hicho kitavuta maji ndani ya mwili wake wakati ambao jua tayari linamkausha. Bakuli la maji ya kunywa liwe pembeni kila mara.

Asubuhi mpe theluthi ya chakula cha siku angalau saa moja kabla ya kuanza kutembea, na theluthi mbili jioni baada ya kupumzika na kuacha kuhema. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wakishiba na kukimbia papo hapo wanaweza kujaa gesi na tumbo kujisokota, jambo ambalo bila upasuaji wa haraka huua. Chakula kilichokwisha kuloweshwa na kisichoisha ndani ya nusu saa kifukiwe mbali na maji. Bakuli lioshwe kwa sabuni mbali na mahali pa kuchotea maji, na aliyelisha anawe mikono kabla ya kugusa sufuria ya wali.

Mifuko iliyorudi nyumbani ikiwa haijafunguliwa, ichunguze kama kingo zimeachia au foili imetoboka kwenye begi. Mizima irudi kabatini na tarehe yake ya zamani. Ule uliotoboka, ikiwa ndani bado pamekauka na hapana harufu, chakula chake kichemshwe dakika 10 na kuliwa na mbwa siku hiyo hiyo pamoja na ugali wake.